Mkono wa chuma ulipojifunza kulegea

Roda ya kapi, kile kigurudumu kinachopitisha kamba, haijawahi kunipa tabu. Unaikereza, na kabla hujaifungua unagusisha tupa kwenye kingo zake mbili huku bado inazunguka, basi, makali yamekwisha. Tabu ni mashavu ya kapi, zile bamba mbili zinazoibana roda katikati. Umbo lake ni kama yai lililobanwa upande mmoja, lina matundu matatu na pembe mbili za ndani, na halizungushiki kwenye mashine ya kerezo.

Karakana yetu iko Amani, hapa Unguja. Mashavu tunayamimina kwa alumini chakavu, kwenye kalibu ya mchanga ya vipande viwili. Pale vipande vinapokutana, alumini hupenya na kuacha ukingo mwembamba kuzunguka umbo zima; sisi tunauita ndevu. Halafu ukitoboa matundu, keekee inapokaribia kutokea upande wa pili haikati tena, inasukuma. Inaacha ukingo mwembamba wa alumini mdomoni mwa tundu, mkali kuliko wembe wa kunyolea.

Nilijua ubaya wake siku nahodha mmoja wa Nungwi alipokuja na kapi mkononi na kipande cha jarari, kamba ya kupandishia tanga, begani. Hakugomba. Alikilaza juu ya meza tu. Nyuzi zilikuwa zimefumuka kama usumba, upande mmoja, pale kamba inapolalia ukingo wa shavu.

“Kamba hii ina wiki tatu, fundi.”

Na mwenzake ndiye aliyekuwa ameniagiza kapi 120 nyengine. Hayo ni mashavu 240. Shavu moja kwa tupa na msasa ni robo saa ukiwa hujachoka, kwa hiyo saa 60 za kusimama mbele ya jiliwa linalobana kazi. Vijana nilio nao wanalipiga la kwanza vizuri, la kumi wanalipitia juu juu.

Kupiga tupa mimi nilifundishwa na ami yangu, mdogo wake baba, mwishoni mwa mwaka 2009, pale waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka bara ulipoharibika na Unguja ikakaa gizani miezi mitatu. Mashine ya kerezo ililala. Ami akanipa tupa na kipande cha shaba, akasema nisiangalie, nisikilize. Tupa ikikuta makali inalia sauti ya juu na mkono unatetemeka kidogo. Makali yakiisha, sauti inashuka. Hapo ndipo unapoacha. Ukiendelea unakula kitu chenyewe.

Baada ya miaka yangu minne ya kazi Sharjah, Uarabuni, nilirudi na mkono wa roboti wa mtumba, wenye viungo sita. Watu walicheka bandarini Malindi kreti ilipofunguliwa. Mpaka inakuja oda ya kapi nilikuwa nautumia kuchomelea tu. Nikasema, sasa ndiyo kazi yake.

Nikaufunga grenda ndogo ya hewa, nikaufundisha njia ya kuzunguka shavu nukta baada ya nukta. Shavu la kwanza lilitoka zuri ajabu. La pili lilikatwa bonde upande wa kushoto, na upande wa kulia ndevu zote zimebaki, hata hazikuguswa. Kosa halikuwa la roboti. Mkono ule unarudi pale pale kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya kumi ya milimita. Mashavu yangu, kwa kuwa ni ya mchanga, yanatofautiana milimita moja na ushei, na kuyafunga kwenyewe kuna kupinda kwake. Yeye anafuata njia niliyomfundisha. Shavu haliko kwenye njia hiyo.

Ami alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. “Huyu hana adabu,” akasema. “Anakata pasipo kitu.”

Dawa yake niliwahi kuiona Sharjah: kichwa cha kutolea makali kinacholegea. Nilikipata cha mtumba, kwa bei ambayo mke wangu sijamwambia mpaka leo. Kwa nje ni kopo la chuma linalofungwa mwisho wa mkono. Ndani mna mota ndogo ya hewa inayozungusha kisu cha kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida, zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Lakini mota haikukazwa. Nyuma imeshikwa kwa kiungo kinachoiruhusu kuyumba, na mbele imezungukwa na pistoni ndogondogo zinazoisukuma irudi katikati. Pistoni hizo zina mpira wao wa kupitishia hewa, mbali na ule wa mota. Ukifungua hewa zaidi, kisu kinakaza, ukipunguza, kinalegea. Kukiwa na hewa, kisukume kwa kidole, mota imezimwa bila shaka, kinaegama upande wowote na kukiachia kinarudi.

Kwa hiyo njia unayomfundisha roboti inabadilika. Humpitishi tena ukingoni hasa, unampitisha kama anataka kuingia ndani ya shavu milimita tatu hivi. Kisu kinakutana na ukingo, kinaegama, na kuanzia hapo kinaufuata wenyewe. Shavu likitokeza, kinarudi nyuma; likiingia, kinalifuata. Nguvu ya kukandamiza inabaki karibu ile ile popote pale. Kile alichokuwa akinifundisha ami gizani, hiki kinakifanya kwa hewa.

Nilidhani nimemaliza. Kwanza kisu kikawa kinaruka ukingoni na kuacha alama za meno kama panya katafuna. Nikaongeza hewa ya pistoni kutoka baa 1 (kipimo cha mgandamizo wa hewa), kidogo kidogo, ikatulia kidogo tu. Kilichosaidia hasa ni kugeuza upande wa kuzunguka shavu, kisu kisafiri kule kule kinakojivutia badala ya kupingana nacho. Nilipoteza siku mbili nzima kwa jambo la kubadilisha mwanzo uwe mwisho.

Halafu alumini ikaanza kuganda kwenye meno ya kisu. Meno yale ya kusagia chuma yamebanana. Alumini inataka kisu chenye meno makubwa yaliyoachana. Kabla sijakipata, nilikuwa nasugua mshumaa kwenye kisu kila baada ya mashavu machache, na unasaidia kweli.

Kubwa kuliko yote ni maji. Hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, kompresa inaikamua, na wakati wa masika ukifungua koki chini ya tangi inatoka kama bomba la jikoni. Mota ya aina hii haitaki maji wala kutu, na hii yangu haitaki hata mafuta, ingawa nusura niifunge kile kikopo cha mafuta tunachoweka kwenye zana nyengine za hewa. Nilitandaza bomba la chuma mita 12 ukutani, nikaliinamisha lipoze hewa na kukusanya maji, nikaweka koki mwisho wake na vichujio viwili kabla ya kichwa. Kijana anayefungua karakana asubuhi, kazi yake ya kwanza ni koki ile. Akisahau, hapokei chai.

Siku niliyomwonyesha ami shavu lililotoka vizuri, alilipitishia kidole gumba, hakuridhika. Akachana kipande cha pamba, akakiburura polepole ukingoni kote, akatia na kwenye matundu, maana unyuzi wa pamba unanaswa hata na makali ambayo kidole hakikuyasikia. Haukunasa. Akafika kwenye pembe za ndani, ukanasa, akanitazama.

Kisu ni cha mviringo, hakiingii kwenye pembe. Hilo nililijua.

Roboti sasa anamaliza shavu kwa dakika moja na nusu. Pembe mbili za ndani anazipiga ami kwa tupa ya pembe tatu, amekaa kwenye kigoda, redio karibu. Mashavu 240, pembe 480. Malipo yake anataka kwa pembe, si kwa siku.