Ninavyofundisha chelo: sikio kwanza, vidole baadaye

Wanafunzi wanaokuja kwangu hapa Mji Mkongwe, Unguja, wengi wanataka tuanze na vidole. Wamemwona mpigaji wa taarab akitelezesha mkono kwenye shingo ya chelo, ile fidla kubwa inayopigwa ukiwa umekaa, na hicho ndicho wanachokitamani. Mimi huwazuia. Wiki za mwanzo mkono wa kushoto hauna kazi. Tunavuta upinde kwenye nyuzi tupu, Do, Sol, Re na La, kuanzia nene hadi nyembamba, mpaka mwanafunzi aache kukandamiza na auachie uzito wa mkono ushuke wenyewe.

Kukaa nako nakusimamia sana: nyayo zote mbili chini, mgongo wima, chelo imeegemea kifuani. Sakafu zetu za vigae zinateleza, kwa hiyo ile ncha ya chuma ya chini naizuia kwa kamba iliyofungwa kwenye miguu ya kiti. Mtoto anayehofia chelo itamponyoka hawezi kulegeza mabega, na mabega yakikaza sauti inakwaruza.

Kisha tunaimba. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko walimu wengine ninaowajua, na sioni sababu ya kupunguza. Watoto wengi wa hapa wamekulia kwenye kasida za madrasa na maulidi. Maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, wanazo masikioni hata kama hawajui majina yake. Namwambia mwanafunzi, "Haya mwanangu, niimbie kasida unayoipenda." Akishaimba, namwonyesha sauti aliyoanzia iko uzi gani, naye anaitafuta iliyofuata. (Mzazi asiyependa kasida ipigwe kwa ala, namheshimu, tunachukua wimbo wa harusi.)

Alama za utepe shingoni, za kuonyesha pa kuweka kidole, sibandiki. Najua zinasaidia haraka, na walimu wazuri wanazitumia. Lakini chukua Bayati, moja ya maqam hizo, inayoanzia Re: sauti yake ya pili iko kati ya Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu hatua) na Mi ya kawaida. Kwenye chelo ya mtu mzima Mi hizo mbili zimeachana kwa sentimita 3.5 hivi, na kidole kitue humo katikati. Mahali hasa hapatabiriki, maana wapigaji hupandisha au kushusha kidogo wakimfuata mwimbaji. Mwanafunzi aliyezoea utepe huangalia shingo; ninayemtaka mimi ni yule anayemsikiliza mwenye ganuni, ala ya nyuzi nyingi ya taarab, aliyekaa mbele yake.

Kwa hiyo zoezi langu kubwa ni hili: mimi nashikilia Re ndefu kwa upinde, yeye anaimba sauti ya pili, anaishikilia, halafu anaitafuta kwa kidole huku amefumba macho. Akikosea simwambii "juu" wala "chini". Namrudisha kwenye kuimba. Linachukua muda, na wazazi wengine huniuliza, "Mwalimu, mtoto atapiga wimbo lini?" Nawaomba wakae nasi darasani wasikilize. Wakimsikia mtoto akijirekebisha mwenyewe bila kuambiwa, swali huwa limejibiwa.

Noti za kuandikwa zinakuja baada ya hapo, na sizidharau hata kidogo. Katika kundi la taarab chelo mara hufuata fidla kwa sauti ya chini, mara huchapwa kwa vidole pamoja na besi kushika mwendo, na anayesoma vizuri huingia kwenye mazoezi bila kuwachelewesha wenzake. Tunaanza kusoma kwa wimbo ambao tayari anaupiga.