Nilivyoizuia oili ya gereji isifuate mvua hadi Mto Ngong

Gereji yangu iko upande wa Lunga Lunga, Nairobi, na mtaro unaopita mbele ya lango humwaga maji yake Mto Ngong. Hapa katikati hakuna chujio. Wengi hudhani maji ya mvua huenda kusafishwa kwenye mitambo ya maji taka ya Ruai pamoja na ya choo. Sivyo. Maji taka yana bomba lake, mtaro una njia yake, na njia hiyo inaishia mtoni. Ngong huingia Mto Nairobi, Nairobi ukaingia Athi, na kule Malindi maji hayohayo huitwa Sabaki.

Nilianzia juu ya paa. Mabati yangu yana kama mita za mraba 150, kwa hiyo mvua ya milimita 10 tu ni lita 1,500. Maji yote hayo yalikuwa yanaangukia uani, yanazoa oili, grisi na vumbi la breki, kisha yanatoka langoni yakimetameta rangi saba. Nikafunga gata na matangi. Yakijaa, ziada inapita kwenye bomba hadi mtaroni bila kugusa uwanja. Mwenye pesa ya kufanya jambo moja tu, afanye hili, maana hakuna kazi ya kipumbavu kama kusafisha maji ambayo hayakuwa machafu.

Kisha nikageukia mazoea yetu. Oili hubadilishwa chini ya paa, juu ya sakafu ya simiti, na karai liwepo. Ikimwagika, tunaifunika kwa maranda na kuifagia. Mpira wa maji hauguswi. Vijana walilalamika kidogo.

"Bosi, si mvua itaosha tu?"

"Itaosha ipeleke wapi?"

Oili chafu inakaa kwenye pipa lenye kifuniko hadi achukue msafirishaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Watu bado huja kuomba ya kupaka vigingi vya ua visiliwe na mchwa. Siwapi tena, kwani mvua huitoa kwenye kigingi na safari inaanza upya.

Kwa maji yanayobaki uani, fundi alitaka tuchimbe shimo la kunyonya, yaani maji yaingie humo yazame ardhini. Nilikataa. Huku udongo ni ule mweusi wa pamba: kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mguu, ukilowa unavimba na kujifunga kabisa. Kule Kilimani kwenye udongo mwekundu labda lingefaa; shimo la jirani yangu hapa hujaa mvua ya kwanza na kubaki bwawa la mbu.

Tukajenga mtego wa oili wenye vyumba vitatu. Cha kwanza kinatuliza maji ili mchanga uzame. Cha pili oili inaelea, na bomba la kutokea limekunjwa kuelekea chini, linavuta maji ya chini na kuiacha oili juu. Cha tatu ni cha kukagua kabla ya kuachilia. Adui wa mtego huu ni sabuni: huivunja oili kuwa matone madogo mno yasiyoelea, yakapita yote. Ndiyo sababu injini haioshwi tena uani kwa sabuni ya unga. Vipuri tunavisafishia kwenye karai kwa dizeli ileile, ikatuama, ikatumika tena.

Mtego haushiki zinki na shaba zilizoyeyuka majini, hivyo maji yakitoka humo hupita mfereji mfupi wa kokoto na mchanga, juu nyasi za vetiva, chini bomba lenye matundu kwa kuwa udongo hautayanywa. Hayo hayamalizi kila kitu, ila rangi saba zimetoweka.

Kazi ngumu ni kuuzoa mtego. Tunauzoa kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa sababu mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo hubeba uchafu mwingi kuliko zote, na mtego uliojaa tope haushiki chochote. Tope lake linabebwa pamoja na oili chafu. Anayeingia humo namlipa ziada ya siku hiyo, la sivyo hapatikani mtu.