Tulipoishiwa na "kwa nini"

Vitabu vingi vya jiometri huanza kwa orodha. Nukta ni hiki, mstari ni kile, bapa ni kile kingine, halafu zinafuata aksiomu na postulati, yaani mambo yanayokubaliwa bila uthibitisho. Mwanafunzi anazinakili kwa wino wa bluu, anazipigia mstari kwa wino mwekundu, na hazisikiki tena mpaka muhula uishe. Orodha ile siipendi. Haina kosa lolote, ila inamjibu mtoto swali ambalo bado hajauliza. Mwambie kijana wa miaka kumi na minne kwamba nukta mbili zinaweza kuunganishwa kwa mstari mnyoofu. Atakutazama kwa huruma, ataandika, na moyoni atajiuliza kama hii ndiyo hisabati ya sekondari aliyokuwa akitishiwa nayo.

Kwa hiyo wiki hii, kidato cha pili, tumeanzia mwisho. Niliandika ubaoni jambo wanalolijua tangu shule ya msingi: pembe za ndani za pembetatu zikijumlishwa ni digrii 180. Nikauliza, mnajuaje?

"Tulifundishwa," akasema mmoja. Jibu la kweli kabisa, na halitusaidii. Mwingine akasema tupime. Mikebe ikafunguliwa, kila mtu akachora pembetatu yake na kuiwekea kipimapembe. Majibu yakaja: 180, 179, 181, 180, 178, na kijana mmoja akapata 183, darasa likamcheka. Niliwakataza, maana yeye alisoma alichokiona. Niliowashuku ni wale waliopata 180 kamili bila kusitasita.

Tukakata karatasi. Unachora pembetatu, unachana kona zake tatu, unazipanga pamoja na zinalala kwenye mstari mmoja. Ni zoezi zuri na macho yanaridhika haraka. Nikauliza: na pembetatu yenye kona moja Dodoma, ya pili Tanga na ya tatu Mbeya? "Hiyo hatuwezi kuikata, Mwalimu." Ndiyo hivyo. Kupima kunakupa habari za pembetatu uliyoipima, tena kwa kukadiria, nasi tumeandika ubaoni kwamba ni kila pembetatu. Hizo hazipimiki zikaisha.

Hapo ndipo uthibitisho unapopata kazi. Kwenye kona ya juu ya pembetatu tukapitisha mstari ulio sambamba na kitako. Wanafunzi wangu huziita pembe za Z zile mbili zinazokaa pande mkabala za mstari unaokatiza, katikati ya mistari sambamba, nazo ni sawa; kwa hiyo pembe mbili za kitako zinahamia juu, moja kushoto, nyingine kulia, na pembe ya juu katikati yao. Zote tatu zimejipanga juu ya mstari mnyoofu, basi jumla ni pembe mraba mbili, yaani digrii 180. Darasa likashusha pumzi, wengine wakaanza kufunga madaftari.

Kwa nini pembe za Z ni sawa?

"Kwa sababu mistari ni sambamba." Na kwa nini usambamba uzifanye ziwe sawa? Hapa tulichukua muda mrefu, na kwangu ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Msichana mmoja akajaribu kinyumenyume: tuseme haziko sawa. Basi upande mmoja wa mstari unaokatiza, pembe mbili za ndani zitakuwa na jumla pungufu ya pembe mraba mbili. Sawa. Halafu? Halafu mistari itaegemeana na kukutana upande huo, na tulishasema ni sambamba, kwa hiyo haiwezekani. Safi sana. Na kwa nini ikutane?

Kimya. Kijana wa dawati la mbele akakasirika kidogo: "Mwalimu, imeinamiana. Itaachaje kukutana?"

Hakuwa na kitu kingine cha kushikilia chini ya jibu lile, na mimi pia sina. Nikawaambia kwamba mtu mmoja huko Alexandria, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, alifika mahali hapo hapo, akaamua kuandika waziwazi kwamba hili naliomba. Ndiyo postulati ya tano ya Euclid: mstari ukikatiza mistari miwili, na pembe za ndani za upande mmoja zikawa pungufu ya pembe mraba mbili, basi mistari ile miwili ikiendelezwa bila kikomo itakutana upande huo. Waliinakili polepole. Nadhani ni mara ya kwanza nimeona darasa likinakili postulati huku likiisoma.

Nyingine nne zilienda haraka, maana sasa walijua zinatafutwa kwa ajili gani. Unaruhusiwa kuchora mstari mnyoofu kutoka nukta yoyote hadi nyingine. Unaruhusiwa kuuendeleza. Unaruhusiwa kuchora duara lenye kitovu chochote na nusukipenyo chochote. Na pembe mraba zote ni sawa. Tatu za kwanza ni ruhusa, za rula isiyo na namba na bikari. Bikari kwetu ni chache kuliko vichwa, wengine walitumia uzi na penseli, na Euclid asingewakatalia. Ya nne ndiyo iliyowashangaza. Si tunajua pembe mraba ni digrii 90? Lakini katika Misingi, kazi ya Euclid yenye postulati hizi, hakuna digrii hata moja. Kwake pembe mraba ni ile unayoipata mstari unaposimama juu ya mwingine na kutoa pembe mbili sawa, kushoto na kulia. Hiyo inakuambia kwamba mbili hizo ni sawa kati yao tu. Kwamba pembe mraba ya ukurasa huu inalingana na ya ukurasa wa mwisho, hilo lazima uliombe, hasa kama postulati inayofuata itaitumia kuwa kipimo.

Pembeni yake kuna aksiomu tano, ambazo si za jiometri peke yake: vitu viwili vilivyo sawa na kitu cha tatu ni sawa vyenyewe kwa vyenyewe, ukiongeza sawa kwa sawa unapata sawa, kizima ni kikubwa kuliko sehemu yake, na kadhalika. Wanahisabati wa leo hawajali sana mpaka kati ya aksiomu na postulati, na mimi sikupoteza kipindi kwa ajili hiyo.

Lazima liulizwe, likaulizwa: hii itatoka kwenye mtihani? Stobaeus, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba mwanafunzi wa Euclid alipomaliza kanuni ya kwanza, yaani jambo la kwanza la kuthibitishwa, aliuliza atafaidi nini, na Euclid akamwita mtumwa wake ampe sarafu, kwa kuwa lazima apate faida kwa anachojifunza. Mimi sina sarafu za kugawa. Nilisema pembe za Z hutoka, na ndiyo kweli.

Kinachonifanya nimheshimu Euclid ni jinsi alivyoitumia ile ya tano. Kitabu cha kwanza cha Misingi kina kanuni 48, na katika 28 za mwanzo hakuigusa kabisa. Anajenga pembetatu, anathibitisha kwamba pembe za kitako cha pembetatu pacha, yenye pande mbili zilizo sawa, ni sawa, anathibitisha hata kwamba pembe za Z zikiwa sawa basi mistari ni sambamba, yote bila kuihitaji. Anaitoa kwenye ya 29, alipokosa njia nyingine. Nionavyo mimi, alijua ni nzito. Walimu tunaoiandika ubaoni pamoja na wenzake wanne kana kwamba zote zina uzito mmoja tunaficha jambo zuri kuliko yote.

Waliokuja baada yake waliuona uzito huo. Proclus, mwanafalsafa wa Kigiriki wa karne ya 5, alisema hii si ya kuombwa, ni ya kuthibitishwa. Omar Khayyam alihangaika nayo, naam, huyo huyo wa mashairi, na Nasir al-Din al-Tusi baada yake. Mwaka 1733 Saccheri, padri Mjesuiti wa Italia, alidhani ameimaliza. Wengi wao, ukiwafuatilia kwa makini, kuna hatua waliyopitisha jambo jingine lenye uzito ule ule. Katika miaka ya 1820 na 1830, Lobachevsky huko Kazan, Urusi, na Bolyai wa Hungaria wakageuza swali: tukiikataa, nini kitatokea? Baba yake Bolyai, aliyewahi kuungua na jambo hilo hilo, alikuwa amemsihi mwanawe asiiguse mistari sambamba. Kijana hakusikia, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1832 kama kiambatisho cha kitabu cha baba huyo huyo. Jiometri waliyoipata ina pembetatu ambazo jumla ya pembe zake haifiki 180, na haijipingi popote.

Darasa halikuikubali hiyo. "Kwa hiyo Euclid alikosea?" Nikawauliza nani anacheza bao. Mikono ikapanda. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na nyumba inaanza na kete sita. Je, ni kweli kwamba nyumba inaanza na kete sita? Wakacheka, swali gani hilo, ndivyo linavyochezwa. Na bao la wajinga, ambalo kete zote zimo ubaoni tangu mwanzo, mbili mbili kila shimo? Ni mchezo mwingine. Una mbinu zake, una ushindi wake, na hakuna mzee atakayekuambia kwamba ni bao lililokosewa. Kitu pekee kisichovumilika ni kubadili kanuni katikati ya mchezo. Yule kijana wa dawati la mbele akauliza ni nani basi anayeruhusiwa kuchagua kanuni, nikamwambia yeyote, mradi akubali kila kinachofuata.

Bado walitaka kuuona huo mchezo mwingine, nikachukua tufe la dunia kutoka chumba cha jiografia. Juu ya tufe, mstari mnyoofu ni ule mfupi kuliko yote, ndiyo sehemu ya duara kubwa, kama ikweta au mistari ya longitudo. Chukua Nanyuki, Kenya, na Mbandaka, Kongo. Yote iko kilomita chache tu kutoka ikweta. Kutoka kila mji panda moja kwa moja hadi ncha ya kaskazini. Kule chini una pembe mraba mbili tayari, 180 imeshatimia, na juu bado kuna pembe ya digrii kama 19. Tukarudi kwenye ile ya Dodoma, Tanga na Mbeya: ukiichora juu ya dunia halisi inazidi 180, ila kwa chini ya sehemu ya kumi ya digrii. Kipimapembe chao, nikimaanisha cha plastiki kilichotoa 183, kisingeiona.

Msichana yule yule akaona jambo ambalo sikupanga kulisema: juu ya tufe hata postulati ya kwanza imeyumba, kwa sababu kutoka ncha ya kaskazini hadi ya kusini kuna mistari isiyohesabika. Ni kweli. Euclid alikusudia mstari mmoja tu, ijapokuwa hakuandika hivyo waziwazi.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kanuni ya kwanza ya kitabu cha kwanza. Umepewa kipande AB. Weka bikari A, fungua hadi B, chora duara. Kisha weka B, fungua hadi A, chora la pili. Yanapokatana iite C, iunganishe na A na B. Umepata pembetatu sawa, yenye pande zote tatu sawa. Kwa kila hatua waandike nini kinawaruhusu.

Jioni nimesahihisha. Wengi wamepata: postulati ya tatu mara mbili, ya kwanza mara mbili, na aksiomu ya vitu vilivyo sawa na kitu kimoja. Daftari moja limeongeza mstari mbele ya C: "Hapa nimetumia macho. Hakuna aliyeniruhusu."

Amelipata pengo ambalo lilikuja kuzibwa vizuri karne ya 19. Hakuna postulati hata moja kati ya zile tano inayosema maduara yale mawili lazima yakatane. Tunaona tu kwamba yanakatana. Hilbert, mwanahisabati wa Ujerumani, mwaka 1899, alipoandika upya aksiomu za jiometri, alihakikisha kwamba mpangilio wa nukta kwenye mstari na mwendelezo wake vimetajwa. Nimempa alama zote, na wengine nimewaandikia "hatua ya C?" kwa penseli. Kipindi kijacho tutaiweka A kwenye (0, 0) na B kwenye (1, 0) kwenye karatasi ya grafu, watafute urefu wa C kutoka kwenye AB. Watakutana na kipeuo cha pili cha 3, kigawanywe kwa 2. Halafu nitawauliza: kama bapa letu lingekuwa na nukta za namba wiano peke yake, yaani zinazoandikika kama sehemu ya namba nzima mbili, maduara yale yangekatana wapi?