Tulidhani Baba anazeeka tu

Mwaka mzima tulisema ni uzee. Baba alianza kuburuta miguu, akawa mzito wa kujibu, na siku moja akashuka matatu pale Donholm asijue njia ya nyumbani. Mtaa aliokaa miaka 30!

Wiki hii MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, imetuonyesha madoa meupe ndani kabisa ya ubongo. Mishipa midogo ya damu imeharibika, polepole, bila kelele. Daktari alituambia chanzo kikubwa ni presha. Baba alikuwa na dawa, akajisikia nafuu, akaziacha. (Wangapi tunawajua hivyo?)

Kinachoniuma ni hiki: Shirika la Afya Duniani linasema thuluthi mbili ya watu wazima wenye presha wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu ya wenye presha duniani hawajui kama wanayo. Ugonjwa huu wa mishipa midogo ya ubongo huleta kiharusi na kupoteza kumbukumbu, lakini bila MRI ni vigumu kuuona vizuri, na sisi ya Baba tumeichangia ukoo mzima.

Jana jioni nimempima Mama presha: 168 kwa 102. Asubuhi hii tuko kliniki.