Siku moja uani kwangu na Land Rover 109

Anayepita hapa kwangu Sombetini, Arusha, anaona Land Rover imepandishwa juu ya magogo, haina matairi wala milango, anajua ni skrepa. Sio skrepa jamani. Ni Series III, ile ndefu ya inchi 109 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, injini ya petroli ya cc 2,286, na hii ni wiki ya nne niko nayo. Nawaandikia ya leo muone kazi yenyewe ilivyo.

Saa 12 na nusu asubuhi chai na maandazi, kijana wangu anafika, tunatoa vifaa stoo. Saa 1 mpaka saa 3 kusugua kutu kwenye chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, kwa grinda na brashi ya waya, vumbi jekundu mpaka kwenye kope.

Saa 3 na robo akaja mwenye gari, na shemeji yake. Gari aliachiwa na marehemu baba yake na naelewa anavyolipenda, lakini salamu haijaisha ameshauliza, "Fundi, mbona rangi bado?" Tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa mjini, wengi wenye gari lililolala nyuma ya nyumba wanataka ling'ae haraka. Shemeji naye akadakia eti kuna fundi anamjua angemaliza kwa siku 3, na bodi mbona nzima kabisa haina hata kutu.

Nikachukua sumaku nikaiweka ubavuni mwa gari, ikaanguka. Nikawaambia bodi hii ni aluminiamu, gari hizi zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita ndo wakatumia aluminiamu, kwa hiyo bodi haitaota kutu hata ukiiacha mvuani miaka, ila chesisi ni chuma na ndani ina uwazi kama boksi, tope linaingia linakaa humo na unyevu wake, inaoza kuanzia ndani huku nje unaona nzima. Shemeji anacheki simu. Basi nikachukua nyundo ndogo nikamwambia bosi njoo chini huku usikie mwenyewe. Nikagonga katikati, chuma kikalia ngii. Nikagonga nyuma pale springi inaposhikilia, ikatoa sauti ya mkate. Nikachukua bisibisi nikasukuma kwa mkono tu, ikazama mpaka kwenye mpini, nilipoichomoa udongo ukamwagika kwenye viatu vyake.

Akanyamaza. Alafu akasema, "Sawa fundi, lakini hiyo ya chini nani ataiona?"

Aisee hilo neno liliniuma na mpaka naandika hapa bado linauma. Nikamjibu kwa upole, bosi, siku umepakia watoto wako humu ukaingia kwenye korongo springi ikang'oka na kipande cha chesisi, utaiona. Tukaanza upya habari ya bei, bati la milimita 3, vijiti vya kuchomelea, siku zangu na za kijana, shemeji anataka nijumlishe mara ya pili, nikajumlisha mara ya pili. Wameondoka inakaribia saa 6, wameacha hela ya bati, ya gesi hawajaacha. Asubuhi yote imeishia hapo.

Tanki la mafuta na betri tulishavitoa, hilo siruki kabla ya kuchomelea, nikapima bati nikakata, navaa miwani tu umeme ukakatika. Basi tukahamia kwenye boliti za springi. Waliowahi kufungua springi za Land Rover ya zamani wanajua, boliti inashikana na kutu ndani ya bushi, kile kipande cha bomba chenye mpira inamopita, inakuwa kitu kimoja, nati inatoka vizuri lakini boliti haisogei. Tuliilowesha dizeli tangu juzi, tukagonga, tukaweka bomba kwenye spana kuongeza nguvu, ikazunguka na mpira wake wote ndani, haitoki. Bila umeme grinda haifanyi kazi kwa hiyo ni msumeno wa mkono, umelala chali chembe za chuma zinakudondokea shingoni, mkono ukichoka kijana anapokea, akichoka napokea, blade 2 zimekatika. Chakula cha mchana sikumbuki tulikula saa ngapi, mke wangu alikileta nikamwambia mama subiri kidogo na kikapoa. Boliti moja. Imetoka watoto wameshatoka shule.

Umeme umerudi jua linazama. Kijana nilimruhusu aende, mgongo unamuuma, nikachomelea peke yangu kile kiraka cha nyuma, sentimita 40, kidogo kidogo kwa zamu upande huu na upande ule ili bati lisijikunje na joto. Nikakaa kwenye ndoo nikisubiri kipoe.

Nikachukua ile nyundo ndogo nikagonga. Ngii. Kesho upande wa kushoto.