Spoku 36, kona 57: kumbukumbu ya ringi ya nyuma

Naandika nikiwa Chimala, nimekaa nje ya gesti, baiskeli imeegemea ukuta mbele yangu. Spoku za nyuma nimeshazihesabu mara tatu. Zipo 36. Nimeshuka Hamsini na Saba yote, ile barabara ya kona 57, kutoka Matamba hadi huku chini barabara kuu, na kilo 22 za mzigo kwenye keria, na hakuna hata moja iliyokatika. Aliyesoma kumbukumbu zangu za nyuma anajua hii ina maana gani kwangu. Tangu mwaka juzi nimekata spoku nane za nyuma. Zote upande wa kulia, upande wa friwili (yale meno ya nyuma yanayovutwa na mnyororo), na zote zimekatikia mahali pamoja: kwenye kiwiko, pale spoku inapopinda kuingia kwenye habu, kitovu cha ringi.

Ya tisa ilikatika siku ya kwanza ya safari hii.

Mpango ulikuwa Mbeya, Uyole, kupanda Isyonje, kuingia Kitulo, kulala Matamba, kushuka Chimala, halafu barabara kuu mpaka Makambako, Njombe, Songea, na kumalizia ziwani Mbamba Bay. Siku kumi na mbili, peke yangu. Nilichagua Julai kwa ajili ya ukavu wa barabara, nikijua kabisa kwamba maua ya Kitulo nitayakosa, maana yale ni ya wakati wa mvua.

Kutoka Uyole kupanda Isyonje ni lami, lakini ni mlima usiokuachia. Nilikuwa kwenye giya nyepesi kabisa, meno 28 mbele na 28 nyuma, mwendo wa mtu anayetembea. Isyonje ilikuwa imebaki kidogo tu nikasikia ile sauti. Anayeijua hahitaji kuelezwa. Tang, kisha ringi inaanza kugusa breki kila mzunguko. Nilishuka, nikaweka baiskeli pembeni ya barabara, nikakaa kwenye nyasi bila hata kuangalia ni upande gani. Nilijua. Nilikaa pale karibu nusu saa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa kitu cha chuma.

Sababu ya hasira ni kwamba kwa miaka miwili kila fundi amenipa jibu lilelile: punguza mzigo. Nimepunguza. Mwezi wa nne nilipanda mpaka Isyonje na kurudi nikiwa na chupa mbili za maji na pampu tu, makusudi kabisa, kupima. Ilikatika nikishuka Igawilo. Kwa hiyo mzigo peke yake si jibu, na nilikuwa nimechoka kuambiwa hivyo na watu ambao hawakuigusa ringi yenyewe. Fundi mwingine aliniuzia spoku mpya zenye kung'aa akasema zile za zamani ni mbovu. Mpya zikakatika vilevile, tena mapema zaidi.

Spoku za akiba ninazo siku zote, nimezifunga kwa gundi ya karatasi kwenye bomba la fremu, sita za kulia na mbili za kushoto. (Za kulia ni fupi kwa milimita mbili hivi kuliko za kushoto. Ukinunua fungu moja la urefu mmoja kwa pande zote mbili umeshaanza vibaya.) Tatizo ni kwamba spoku ya kulia huwezi kuipitisha kwenye habu bila kutoa friwili, na friwili inajikaza yenyewe kila unapokanyaga pedali. Baada ya kupanda Isyonje imekazwa na mlima mzima. Kifungulio cha friwili ninacho, spana ninayo, lakini spana yangu ina mkono mfupi. Nilining'inia juu yake kwa uzito wangu wote, haikusogea hata unywele.

Hapa niseme neno kuhusu vifaa, maana nimebeba vingi visivyo na faida. Zile spana za kukunja, zenye funguo kumi na tano ndani ya kitu kimoja, zinafaa kukaza skrubu za keria tu. Ufunguo wa spoku wa duara, ule wenye matundu ya saizi nyingi, uacheni dukani. Hakuna tundu linaloshika sawasawa, unalainisha kona za kichwa cha spoku, kile kidude cha kukazia upande wa ringi, na kikishalainika hakikazwi tena na ufunguo wowote. Nunua ufunguo wa saizi moja, saizi ya vichwa vyako, ulioshika pande zote nne. Wangu nilipewa na fundi mmoja wa Mbeya na sitaubadilisha kwa chochote.

Nililegeza spoku mbili jirani za kushoto ili ringi irudi katikati, nikafungua breki ya nyuma, nikasukuma mpaka Isyonje. Hapo kuna karakana ya kuchomelea mageti, na nilichokuwa nakitafuta kilikuwa pale juu ya meza: vaisi, chuma cha kubania vitu. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapiga msasa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Leta hiyo ringi kabla hujasema shida yako."

Unabana kifungulio kwenye vaisi, unailaza ringi juu yake, unashika ringi kwa mikono miwili kama usukani wa lori, unazungusha. Friwili ilitoka kwa mzunguko mmoja. Nilitaka nibadilishe spoku moja niondoke, jua lilikuwa bado. Babu akachukua bisibisi akaanza kugonga spoku moja baada ya nyingine, upande wa kulia tu, polepole, akizunguka. Kisha akazunguka mara ya pili.

"Sikiliza," akasema. "Hawa wanabeba mzigo mmoja. Mbona kila mmoja ana sauti yake?"

Miaka miwili nimenyoosha ringi hii kwa macho. Naigeuza baiskeli kichwa chini, naangalia nafasi kati ya ringi na raba za breki, nakaza hapa, nalegeza pale, ringi ikiacha kucheza narudisha tairi. Na ringi inaweza kunyooka kabisa huku spoku moja imekazwa hadi inalia na jirani yake imelala. Macho hayaoni hilo. Sikio linasikia.

Simu yangu ina programu ya kupimia gitaa. Niliiweka karibu na ringi nikagonga spoku zote 17 zilizobaki za kulia, nikiandika namba kwenye daftari. Iliyokaza zaidi ilisoma mitetemo 410 kwa sekunde. Iliyolegea zaidi ilisoma 290. Na hapa ndipo nilipoduwaa, kwa sababu mvutano hauendi sawa na sauti, unakwenda na kipeo chake cha pili. Gawanya 290 kwa 410, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata nusu. Spoku moja ilikuwa na nusu ya mvutano wa mwenzake wa upande uleule.

Kinachofuata nilikuwa nakijua lakini sikuwahi kukiunganisha. Spoku inapofika chini, pale tairi inapogusa ardhi, inalegea kidogo, ikipanda inakaza tena. Tairi ya inchi 26 inazunguka karibu mara 480 kwa kilomita. Kilomita mia ni karibu mizunguko 48,000, na kila mzunguko kiwiko cha spoku iliyolegea kinacheza ndani ya tundu lake. Ni sawa na kukunja waya huku na huku mpaka ukatike. Iliyolegea ndiyo inayokatika kwa uchovu! Na mimi kila ilipokatika moja nilikuwa naweka mpya, naikaza kwa kubahatisha, naziacha nyingine nne au tano zilizolala ziendelee kuchoka zikisubiri zamu. Upande wa kulia unaumia zaidi kwa sababu friwili imesukuma ringi, spoku za kulia zinasimama karibu wima na zinahitaji kukazwa sana, wakati mafundi wengi, na mimi nikiwemo, tunaogopa kuzikaza hivyo.

Sikuondoka siku hiyo. Nililegeza ringi nzima, spoku zote. Nilibadilisha nne za kulia ambazo viwiko vyake vilionyesha mstari mdogo ukitazama kwa tochi. Kila kiwiko nilikibonyeza kwa kidole gumba kilale vizuri kwenye bega la habu. Tone la mafuta kwenye kila uzi. Kisha kukaza, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kuanzia tundu la valvu, duru baada ya duru. Kila baada ya duru mbili nilishika spoku mbilimbili zinazolala sambamba nikazibana kwa viganja kwa nguvu zote, mpaka ziache kulia tik tik. Zinapolia ujue bado zinajipanga. Babu aliwasha taa ya karakana akakaa na mimi mpaka saa tatu usiku, akigonga na bisibisi, akisema "huyu" na "huyu" bila hata kuhitaji simu. Mara nyingi alikuwa sahihi kabla simu haijasoma. Mwisho za kulia zote zilisoma kati ya 385 na 400, za kushoto 300 hivi. Alikataa pesa ya kazi, akapokea ya umeme.

Kitulo nitaisema kwa ufupi, si kwamba haistahili. Kupanda kutoka Isyonje ni mawe na vumbi, nilisukuma zaidi ya nilivyoendesha. Juu ni uwanda wa mita kama 2,600, nyasi za kahawia mpaka upeo wa macho, na mlima Mtorwi wenye mita 2,961. Asubuhi sakitu ilikuwa imelala kwenye nyasi nyeupe kabisa, na vidole vyangu havikuweza kushika breki mpaka saa mbili na nusu. Watu wanapaita Bustani ya Mungu, na mwaka 2005 pakawa hifadhi ya taifa, sababu mojawapo ikiwa kuokoa okidi ambazo viazi vyake, chikanda, vilikuwa vinachimbwa na kuuzwa Zambia. Nimeapa nitarudi Januari au Februari, kwa miguu, niyaone maua. Safari hii kila niliposimama niliinama kugonga spoku. Siku mbili, zote zikaitika sawa.

Matamba nililala, nikala viazi na maharage, nikabadilisha raba za breki za nyuma kabla ya mteremko.

Hamsini na Saba wengi mnaijua. Kona zinazojikunja moja juu ya nyingine kwenye ukuta wa mlima, na chini kabisa bonde la Usangu limetandikwa kama mkeka. Nilishuka bila haraka. Kila kona tano nilisimama nikagusa ringi kwa mgongo wa kidole, ikichoma naisubiri ipoe, maana ringi ya moto inaweza kupasua tyubu. Mwaka jana niliijaribu kwa kupanda, spoku ikakatika kona ya kumi na moja, nikarudi. Leo nilipoipita kona ile nilisimama hata kama si ya tano. Nikagonga. Sauti moja, kulia mzunguko mzima. Nilipiga kelele peke yangu pale, na dereva wa bodaboda aliyekuwa anapanda akapiga honi akaniinulia mkono.

Sasa Mbamba Bay. Leo mchana nilitakiwa niwe njiani kuelekea Makambako. Lakini hapa Chimala, nikisubiri chai, nimemwona kijana amepakia magunia mawili ya mkaa kwenye baiskeli ya zamani ya inchi 28, ile nyeusi ya giya moja. Nikamuuliza mara ya mwisho spoku kukatika ni lini. Akafikiri, akasema hakumbuki. Nikaomba ruhusa, nikazihesabu: 40 nyuma. Na nikagonga. Kulia na kushoto sauti ni ileile! Habu yake haina friwili ya giya saba ya kusukuma ringi upande, kwa hiyo pande zote mbili zinagawana mzigo sawasawa. Ndiyo maana.

Tangu hapo sijafikiria kitu kingine. Zile baiskeli za mtumba za Japani nyingi zina giya tatu ndani ya habu yenyewe, meno ya nyuma ni moja tu. Ringi yake inakaa karibu katikati. Nimepiga hesabu kwenye daftari: mbele meno 28, nyuma 22, na giya ya kwanza ya habu hiyo inapunguza mzunguko kwa zaidi ya robo. Inatoka nyepesi kidogo kuliko giya yangu nyepesi ya sasa. Kwenye tambarare nitakuwa nazungusha miguu mno, hilo nimelikubali. Mimi naendesha milimani.

Kwa hiyo kesho sipandi kwenda Makambako. Napanda Coaster kurudi Mbeya kwenye maduka ya mtumba, Mbamba Bay itasubiri mwezi wa tisa. Kabla ya kulipa nitapima upana wa habu, kwa sababu foku yangu ya nyuma ina milimita 135 na habu hizo ni nyembamba zaidi. Nimemwambia fundi wa hapa stendi, amenitafutia washa nne nene za kujazia. Zipo mfukoni.