Nyuma naweka upepo

Hatimaye nimeamua: C10 yangu ya 1972 itakaa juu ya upepo nyuma, yaani mifuko ya mpira inayojazwa upepo badala ya springi. Hapa Texas pikapu hizi za Chevrolet ndizo ugonjwa wetu, na yangu ilishashushwa kwa springi fupi. Inapendeza, ila ukipakia mzigo kidogo tu, ekseli inagonga chasisi.

Mafundi wengi walinishauri ning'oe kila kitu niweke mikono minne mipya, zile fimbo zinazoshikilia ekseli kwenye chasisi. Nimekataa. C10 nyingi za miaka ile zinakuja na mikono miwili mirefu na springi za koili, si springi za majani (vyuma bapa vilivyopangwa), na muundo huo ni imara kiasi kwamba magari ya NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, yaliutumia kwa miaka mingi. Koili inatoka, mfuko wa upepo unaingia palepale.

Kazi iko kwenye ile fimbo inayovuka kuzuia ekseli isiende pembeni. Ya kiwandani ni fupi. Nililala chini ya gari la rafiki yangu huku akijaza na kutoa upepo: ekseli ilikuwa inasogea upande mmoja kila gari liliposhuka, mpaka tairi likakaribia bodi. Kwa hiyo nanunua fimbo ndefu inayorekebishika, na chasisi tunaikata juu ya ekseli na kuchomelea kipande cha chuma chenye umbo la upinde, ekseli ipate nafasi ya kupanda.

Kila mfuko utakuwa na valvu yake, upepo usikimbilie upande wa pili kwenye kona. Kompresa ya kujaza upepo bado nachagua. Mwenye uzoefu na zisizopiga kelele, aniambie.